Mkono Mpaka Chini ya Gunia

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nimeinama juu ya mafiga, macho nimeyafumba kwa moshi wa kuni mbichi, na kutoka chumbani kwa Mama ikaja sauti ya mwanamume: "Bwana asifiwe, wapendwa!" Nyuma yake kulikuwa na makofi, kisha kinanda. Nikaitika "Amina" macho yangu yakiwa bado yamefumbwa. Mama naye akaitika "Amina" huko chumbani. Nyumbani tulikuwa sisi wawili tu, na simu.

Ndugu zangu, sifa zote zimrudie Yeye aliyenisimamisha hapa. Nimeanza na Amina ile kwa sababu ndiyo iliyotuingiza katika shida, na leo nimekuja kuitika nyingine.

Naitwa Neema. Wengi mnanijua kama binti wa Mama Eliya, yule wa ndagala. Tuliporudi kutoka Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi nilikozaliwa, Mama hakuwa na shamba wala nyumba. Alikuwa na beseni moja. Alishuka nalo ufukweni hapa Rumonge, akapewa ndagala na wavuvi waliomhurumia, akazianika, akaziuza. Tangu hapo jua la mji huu limetulea. Nikifumba macho mpaka leo naziona chanja za waya zikimeta asubuhi, samaki wadogo wamelala bega kwa bega kama sindano za fedha, na Mama anapita katikati akiimba, anawageuza kwa vidole vyake vyepesi. Siku Mama haimbi, sisi nyumbani hutembea kwa uangalifu.

Kwa wageni mliotoka mbali na ziwa letu, niwaeleze jambo moja. Hapa ndagala hazinunuliwi kwa macho. Juu ya gunia kila muuzaji huweka zilizonyooka, zinazong'aa, na hakuna anayemlaumu, hata nyumbani mgeni hukalishwa kwenye kiti kizuri. Lakini mnunuzi hukunja mkono wa nguo, huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na huleta juu kiganja kilichotoka chini kabisa. Huko ndiko kwenye vichwa vilivyokatika, unyevu na mchanga. Mtoto wa ufukwe huu hujifunza kufanya hivyo kabla hajajua kusoma. Mama alikuwa na desturi yake: hakungoja mnunuzi. Aliingiza mkono yeye mwenyewe, akaleta za chini, akasema, "Tazama kwanza hizi, za juu utaziona njiani." Kwa sentensi hiyo alijenga nyumba.

Sasa, ile sauti ya simuni. Ilikuwa ya mtu aliyejiita Mtaalamu Prosper, bingwa wa masoko ya mtandaoni. Mtu fulani alikuwa amempachika Mama katika kundi lake la simu, na kila asubuhi zikaja sauti. Mama mmoja alilia kwa furaha: "Bwana asifiwe, nilikuwa sina mteja hata mmoja, nikakutana na Mtaalamu Prosper, leo nashindwa hata kupokea simu!" Kijana mwingine alisema alilala muuza mkaa akaamka mfanyabiashara. Na sisi tulichota maji tukiitika Amina, tukapika tukiitika Amina.

Ndugu zangu, ni watu wa kanisa tu wanaoweza kukosea hivyo. Tumelelewa kwamba mtu akishuhudia, unaitika. Nani amewahi kunyoosha mkono katikati ya ushuhuda na kuuliza: duka lako liko mtaa gani, naweza kuja kukusalimia? Tungemwona ana pepo. Basi sisi, ambao hatununui kikombe cha ndagala bila kuzama mpaka kiwiko, tulimnunua mtu mzima kwa kuangalia juu.

Jirani yetu Bi Mwajuma, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja na hupika maandazi ambayo mji mzima unayajua, alikuwa anasikia yote. Siku moja akaita kutoka upande wake:

"Mama Eliya! Nyinyi walokole, mtu akisema tu Bwana asifiwe mnampa na funguo za nyumba."

"Na nyinyi je?" Mama akamjibu.

"Sisi tunampa chai kwanza. Funguo tunangoja."

Wakacheka wote wawili kama wanavyocheka kila siku, na Mama akaendelea na mpango wake. Akamwita Prosper aje.

Alikuja na pikipiki kutoka Kigwena, amevaa shati la rangi ya limau na miwani aliyoipandisha kichwani. Mlango wetu ni wa bati, umelegea, ukifunguliwa unakwaruza sakafu mpaka meno yanauma. Lazima uuinue kidogo. Yeye hakujua, akausukuma, ukalia mtaa mzima.

"Amahoro, mama. Ni mimi."

"Amahoro. Wewe mutoto wa wapi?"

"Wa Kigwena, mama. Lakini sasa niko mtu wa dunia nzima."

"Dunia nzima ni kubwa," Mama akasema. "Chakula unakulia wapi?"

Akacheka vizuri. Nisimwonee, alikuwa kijana wa kupendeza, na Mama alimpenda papo hapo. Alikula ugali wetu kwa heshima. Kisha tukashuka ufukweni, akanipa simu nimpige picha akiwa amesimama mbele ya chanja, mikono ameikunja kifuani. Tulipiga nyingi sana. Mama aliombwa asogee pembeni kwa sababu kivuli chake kilikuwa kinaingia. Akasogea, akishika kanga yake upepo usiipeperushe mbele ya shati la limau. Prosper alitueleza habari za semina alizofundisha, za watu wakubwa aliopeana nao mikono, za wafuasi wake waliokuwa wengi kuliko samaki. Kuhusu samaki wenyewe hakuuliza lolote. Mama alimlipa, akampa na ndagala za njiani.

Baada ya muda mfupi tangazo likatoka. Lilikuwa na jina la Mama kwa herufi kubwa, na chini yake picha za mikeke wanono waliopangwa juu ya barafu, samaki ambao Mama hajawahi kuuza maishani mwake. Maneno yalisema: hakuna mchanga, kila siku tunao, popote ulipo tunakufikishia. Mioyo myekundu ikamiminika, na vidole gumba.

Prosper akapiga simu. "Mama, umeona? Unajulikana mpaka Canada."

"Canada wanakula ndagala?" Mama akauliza.

"Watakula, mama."

Mkaao hapa mnajua kilichofuata, kwa sababu mnaujua mwezi. Wavuvi wetu huita ndagala kwa taa, katika giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa hazina kazi, mitumbwi inalala mchangani na chanja zinakauka tupu. Hakuna mtoto Rumonge asiyejua kwamba ndagala si za kila siku. Lakini tangazo lilikwisha kuahidi kila siku, na simu zikaanza kuingia mwezi ukiwa juu kama sinia. Wengine walitaka mikeke wa kwenye picha. Mama, ambaye hajazoea kumwambia mtu "nilikuahidi lakini sina", alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akanunua magunia ya wengine ili kutimiza neno ambalo hakulisema yeye.

Ndipo alipokuja Mama Divine. Huyu ni mchuuzi wa Bujumbura, mteja wa Mama tangu siku za beseni. Husafiri na gari la asubuhi, hupita Muhuta na Minago bila kushuka, kwa sababu samaki anaowataka wako kwetu. Watoto wake na sisi tumekua tukisikiana majina. Safari ile Mama hakuingiza mkono wake. Mama Divine akangoja. Alipoona kimya, akakunja mkono wa nguo, akazama mpaka kiwiko, akaleta juu kiganja. Akakifungua polepole. Mchanga ulipita katikati ya vidole vyake ukaanguka kwenye viatu vya Mama.

"Mama Eliya," akasema kwa sauti ya chini. "Hata wewe?"

Akajipangusa, akachukua kikapu chake kitupu, akapanda kwenda stendi. Hakugombana. Afadhali angegombana.

Kuanzia hapo Mama hakushuka tena ufukweni. Alikaa chumbani na pazia limeshushwa, na wimbo haukuwepo. Nilimpigia Prosper. Akaniambia tangazo limechoka, linataka kuongezewa nguvu, tulipe tena. Nilipomwambia habari za Mama Divine, akasema, "Dada, mmoja akiondoka watakuja wapya. Tazama namba." Kisha akanitumia ushuhuda mwingine, wa mama mwingine aliyelia kwa furaha. Kwa mara ya kwanza, ndugu zangu, Amina ilinikwama kooni. Nikausikiliza tena. Mama yule hakutaja anauza nini. Hakutaja mji wala jina lake. Kitu pekee nilichokijua baada ya kumsikiliza ni jina la Prosper.

Jioni hiyo nilimsikia Mama akiomba nyuma ya pazia. Nilidhani ataomba wateja. Alisema maneno machache tu: "Bwana, nirudishie jina langu. Mengine nitayafanyia kazi." Nilikaa sakafuni upande wangu nikalia, na nikaomba maneno yaleyale, neno kwa neno, nikibadilisha tu "nirudishie jina langu" kuwa "mrudishie jina lake".

Mungu wetu hana haraka na hachelewi. Jibu lilipita mlangoni likiwa limebeba sahani ya maandazi. Alikuwa Bi Mwajuma, na nyuma yake binti yake Hadija, aliyekuja kuwasalimia wazazi kutoka Bujumbura, ambako kazi yake ni kutangaza maduka ya watu mtandaoni. Niliposikia kazi yake, moyo wangu ulijifunga. Na msidhani Hadija ni mtu wa kimya na upole. Anaongea kama mvua kwenye bati, anacheka kabla hajamaliza utani wake, na ana vipuli vinavyotikisika akikupinga. Lakini alipokaa chini, alipindua kila kitu nilichokizoea. Hakujieleza. Aliuliza.

"Mama, ni lini huna samaki?"

Mama akainua kichwa. "Umesema?"

"Ni siku gani huna? Mwezi mkubwa, upepo, wakati ziwa linapofungwa watu wasivue. Nataka kujua kwanza siku ambazo mtu akikupigia utamwambia sina."

Mama akaanza kumweleza, sauti ikiwa bado na kutu. Hadija akauliza nani hununua, na nani hurudi, na anayerudi hurudia nini. Akauliza wanaolalamika hulalamika nini. Kisha akasimama, akaenda kwenye magunia yaliyokuwa pembeni, akavua bangili zake, akazama mpaka kiwiko. Alipofungua kiganja, mchanga ulimwagika sakafuni.

"Hizi sitangazi," akasema.

"Hata tukikulipa?" nikamuuliza. Nilikuwa namjaribu.

"Hata mkinilipa, dada Neema. Jina langu nalo litakuwa humo humo mchangani."

"Mutoto huyu!" Bi Mwajuma akasema. "Nimemsomesha aje kukataa kazi."

Nami safari hii nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikamuuliza amemsaidia nani, na kama naweza kumwona. Hakutoa simu. Akasema, "Nenda sokoni kwa Zubeda, yule wa vitenge. Muulize lolote. Muulize na tangazo la sikukuu ya Idi, lile nililoliharibu, anapenda kulisimulia."

Nilikwenda siku iliyofuata. Zubeda alikuwa amezungukwa na vitenge mpaka shingoni. Nilipotaja tangazo la Idi, alicheka mpaka akashika meza. Hadija, akasema, alikuwa ameweka picha za vitenge vilivyokwisha kuuzwa, wanawake wakaja na kuvikosa. "Lakini ni yeye aliyenipigia kwanza. Mimi nilikuwa sijajua. Akasema, Mama Zubeda, nimekosea, nimekwisha kulitoa, na wale waliokuja nimewaandikia. Ndiyo maana niko naye." Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetua mzigo. Ushuhuda huu ulikuwa na mtaa, ulikuwa na meza, ulikuwa na mtu ambaye ningeweza kumrudia kesho nikimkasirikia. Nao haukuogopa kuonyesha mchanga wake.

Kazi aliyotupa Hadija ilikuwa ndogo, na ngumu. Alituambia tuyarudishe magunia yale kwa wenyewe. Akatusaidia kuliondoa tangazo la mikeke. Kisha akasema kabla ya kuuza chochote Mama azungumze, kwa mdomo wake, kwa Kiswahili chake, na Mama akakaa chini ya kibanda cha chanja, mikono mapajani, akazungumza na simu kama anazungumza na jirani:

"Amahoro. Mimi ni Mama Eliya wa Rumonge. Picha zile za mikeke si samaki wangu. Na ndagala zenye mchanga, nilinunua kwa watu, nikaziuza kwa jina langu. Wale walionunua, mje, tutabadilishana. Mimi sina samaki kila siku. Mwezi ukiwa mkubwa sina. Zikiwepo nitasema zipo, na nitaanza kuwaonyesha za chini. Murakoze."

Hadija alimpiga picha moja tu, mkono wa Mama ukiwa umezama ndani ya gunia mpaka kiwiko, uso wake ukitazama pembeni, ziwani. Kivuli chake kilikuwemo chote.

"Sasa nini?" Mama akamuuliza.

"Sasa tungoje giza, mama. Mitumbwi itoke. Sina dawa ya kumfanya mtu akuamini kesho. Naweza tu kuhakikisha akija asikute uongo."

Mioyo haikumiminika. Vidole gumba vilikuwa vichache, vingi vya jamaa zetu. Lakini giza liliporudi na mitumbwi ikatoka na taa zake, na chanja zikajaa tena fedha, nilikuwa nageuza samaki asubuhi nikaona mtu anashuka kutoka barabarani na kikapu ninachokijua. Mama alikuwa amempa mgongo. Mama Divine hakusalimia. Alikuja mpaka kwenye gunia, akaanza kukunja mkono wa nguo. Mama akageuka, akamwona, akazamisha mkono wake mwenyewe. Wakakutana humo ndani, ndugu zangu, mikono miwili katika gunia moja, na nikaona kwamba huko chini, mahali pasipoonekana, walikuwa wameshikana.

"Nilisikia sauti yako," Mama Divine akasema. "Nikasema, huyu sasa ndiye yeye."

"Mbona ulichelewa?"

"Nilikuwa nangoja giza. Si ulisema?"

Wakacheka, na mmoja wao alikuwa analia, sikujua yupi. Alipoondoka kikapu kimejaa, Mama akarudi kwenye chanja, na nilisikia, kwanza kama pumzi, kisha kwa sauti, wimbo wake. Bwana alikuwa amemrudishia jina lake!

Kwa hiyo namshukuru Mungu, ninyi mkiwa mashahidi. Namshukuru Bi Mwajuma kwa chai aliyoinywesha akili yangu kupitia ukutani. Namshukuru Hadija, ambaye haombi kwa maneno ninayoomba mimi lakini alitumwa kwetu. Na wewe unayesikiliza, mwenye cherehani yako, mwenye mgahawa wako, mwenye mawese yako unayoyatafutia soko, usiogope hii mitandao, wapo humo watu wa kweli, Bwana anao. Ila anapokuja mtu kukuambia atakuinua, mwombe Mungu amani ya kuuliza. Mwulize alimsaidia nani, kisha uende ukamwone. Sikiliza kama anauliza habari za kazi yako au anangoja tu zamu ya kusema habari zake. Mwulize ni lini alikosea. Kumwamini Mungu hakukukatazi kukunja mkono wa nguo. Mwamini Yeye, kisha uzame.

Sababu ya kusimama leo, na si siku nyingine, ni kwamba Prosper alirudi juzi. Mlango ulilia, nikajua ni yeye. Safari hii alivaa shati jeupe. Alikuwa amesikia kwamba wateja wamerudi, akaleta simu na kijiti cha kuishikia.

"Mama, nataka ushuhuda wako tu. Useme ulikotoka na ulipofika. Na kwamba ulianza na mimi."

"Kweli nilianza na wewe," Mama akasema.

"Si ndiyo hiyo, mama?"

"Nikianza kushuhudia nitamaliza, mwanangu. Siwezi kuishia hapo unapopenda."

Akanitazama mimi. "Dada Neema, basi wewe."

"Mimi ushuhuda wangu nautoa kanisani, Jumapili," nikamwambia. "Uje. Utakaa mbele."

Akainamisha kichwa, akakunja kile kijiti chake taratibu. Bila ile miwani alionekana mdogo, mtoto wa watu aliyetoka Kigwena bila kula. Mama akamwekea sahani. Alipomaliza, akamfungia ndagala katika mfuko, kama mara ya kwanza.

"Prosper, jifunze kwa mtu," akamwambia. "Iko Hadija, mutoto wa hapa jirani. Anaongea kukuzidi, lakini anauliza. Ukishamsaidia mtu mmoja, mmoja tu, uje umlete hapa nimwone. Siku hiyo nitakushuhudia mpaka uniombe ninyamaze."

"Ndiyo, mama. Murakoze, mama."

Akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Na akiwa bado amesimama pale, akili yake iko kwingine, vidole vyake viliteremka vyenyewe kando ya mfuko, vikapita za juu, vikaenda kuzipapasa za chini. Mama akamwona. Nami nikamwona. Naye akajiona.

"Hata wewe," Mama akasema.

Akacheka, kicheko chake kile kizuri, ila sasa kilikuwa na aibu ndani yake, nayo haikumharibu. Akaukumbatia mfuko kifuani, akaaga, akatoka, na safari hii aliuinua mlango kidogo alipoufunga nyuma yake, haukukwaruza.